Jinsi ya kukadiria fidia ya majeraha ya ajali ya barabarani nchini Kenya

Swali la kwanza ambalo majeruhi wa ajali humwuliza wakili wake, au jamaa aliyekuja kumjulia hali wodini, ni moja: nitalipwa kiasi gani? Ni swali la haki kabisa, kwani mtu aliyelala na mguu umening'inizwa huku kodi ya nyumba ikimsubiri hana budi kupiga hesabu. Hata hivyo, yeyote anayemtajia kiasi siku ile, awe wakili, dalali wa ajali au mlinzi wa lango la hospitali, anakisia tu. Mahakama hailipi jeraha kwa jina lake. Hulipa kile kilichothibitishwa kuhusu jeraha hilo, na ndiyo maana watu wawili waliovunjika mfupa ule ule katika matatu ile ile huweza kutoka katika chumba kimoja cha mahakama na hukumu zinazopishana kwa malaki ya shilingi. Mwongozo huu unaeleza jinsi kiasi hicho kinavyojengwa katika mahakama za Kenya, ili majeruhi aweze kupiga hesabu yake mwenyewe kabla ya kukubali au kukataa chochote.

Mafungu mawili ya fidia

Sheria hugawa fidia katika mafungu mawili, na kila fungu lina namna yake ya kuthibitishwa. Fungu la kwanza ni fidia mahsusi, yaani hasara ambayo tayari imetokea na inaweza kuhesabiwa hadi shilingi ya mwisho: gharama za hospitali, dawa, magongo, nauli za kwenda kliniki, ada ya ripoti ya daktari, ada ya kutafuta rekodi ya mmiliki wa gari, na mapato yaliyopotea tangu siku ya ajali. Fungu la pili ni fidia ya jumla, ambayo haina risiti, kwa kuwa hufidia maumivu, mateso, kupungukiwa na raha ya maisha, na kupungua kwa uwezo wa kujitafutia riziki katika miaka ijayo.

Kuhusu fidia mahsusi, kanuni ni kali, na Mahakama ya Rufaa iliiweka wazi tangu mwaka 1985: hasara hiyo ni lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Masharti yote mawili yanahitajika. Aliyetaja shilingi 200,000 akaleta risiti za shilingi 140,000 atapata 140,000, na aliyetaja 140,000 kisha akaja na risiti za 200,000 naye atapata 140,000, isipokuwa wakili wake aombe mapema kurekebisha hati ya madai. Gharama za matibabu yatakayofanywa baadaye, kama upasuaji wa kutoa chuma kilichowekwa mfupani, nazo ni lazima zitajwe katika hati ya madai, na zitegemee maoni ya daktari yaliyoandikwa. Nimeona fedha nyingi zikipotea hapa kuliko mahali pengine popote, na hupotea kwa sababu ya uzembe mdogo mdogo ambao ungeepukika.

Chukua mfano wa risiti zenyewe. Risiti za maduka mengi ya dawa huchapishwa kwa karatasi ile laini ya mashine ya kodi, ambayo wino wake hufifia kwa joto. Ukiiweka mfukoni au kwenye pochi, baada ya mwaka mmoja na nusu, wakati kesi inapoitwa, utatoa kijikaratasi cheupe ambacho hakimu hawezi kusoma hata tarehe yake. Kwa hiyo kila risiti itolewe nakala siku ile ile, tarehe na jina la mgonjwa viandikwe kwenye nakala, na zote zikae katika bahasha moja ya kaki nyumbani kwa mtu mwangalifu. Nauli za tuktuk na bodaboda, ambazo kwa kawaida hazina risiti, ziandikwe katika daftari kila siku ya safari pamoja na nambari ya kadi ya kliniki. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo ni ushahidi ambao hauna budi kuhifadhiwa.

Daktari ndiye mwenye kipimo

Fidia ya jumla husimama juu ya maandishi ya daktari. Mtiririko wake huanza polisi, ambako ajali huandikwa katika kitabu cha matukio na majeruhi kupewa nambari ya tukio, kisha abstrakti ya polisi inayoonyesha magari yaliyohusika na kampuni za bima zake. Fomu ya P3 hujazwa na afisa wa afya, nayo husema iwapo madhara ni ya kawaida au makubwa. Wengi hudhani P3 ndiyo inayopanga fidia, lakini fomu hiyo imekusudiwa zaidi kesi ya jinai dhidi ya dereva, na maneno yake ni machache mno kumwezesha hakimu kupima maisha ya mtu. Inayobeba uzito ni ripoti kamili ya daktari aliyekuchunguza, ikisomwa pamoja na kadi za hospitali, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini na picha za eksrei.

Ripoti iliyo nzuri hueleza jeraha lilivyokuwa siku ya kwanza, lilivyotibiwa, lilipofikia, na litakakoelekea. Hueleza kama mfupa umeunga ukiwa umenyooka au umepinda, kama goti linakunja hadi mwisho, kama mguu mmoja umefupika na kwa sentimita ngapi, kama kuna uwezekano wa baridi yabisi katika kiungo, na hutaja asilimia ya ulemavu wa kudumu. Asilimia hiyo ni nambari moja tu, lakini huvuta nambari nyingine nyingi nyuma yake, kwa hiyo haifai kuharakishwa. Mtu akipimwa akiwa bado na plasta, daktari hana la kusema juu ya ulemavu wa kudumu zaidi ya kubashiri. Ni busara kusubiri hadi jeraha litulie ilimradi muda wa sheria hauishi, nao kwa madai ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali, ilhali dhidi ya serikali ni miezi 12 pekee. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18, ingawa mzazi au mlezi anaweza kufungua kesi kwa niaba yake mapema, na kwa kawaida ni heri afanye hivyo wakati mashahidi bado wapo.

Tarajia pia kwamba kampuni ya bima itaomba uchunguzwe na daktari wake. Nenda, na ueleze hali yako kwa ukweli uleule uliomweleza daktari wako. Ripoti mbili zikipishana, moja ikisema ulemavu ni asilimia 15 na nyingine 5, hakimu huuliza ni ipi inayolingana na kadi za hospitali. Majeruhi aliyeacha kuhudhuria kliniki baada ya mwezi wa pili kwa kukosa nauli, hata kama kweli alikuwa akiumwa, hana maandishi ya kumtetea katika ile miezi ya kimya. Hilo huniuma kila ninapolikuta, kwa sababu maskini ndio huacha kliniki, na maskini ndio hupunguziwa.

Kulinganisha na hukumu zilizotangulia

Baada ya jeraha kueleweka, hakimu hutafuta hukumu za majeraha yanayokaribiana nalo. Hakuna jedwali rasmi linalofunga mikono ya mahakama katika kesi za ajali za barabarani. Mwaka 2013 Bunge lilirekebisha sheria ya bima ya magari na kuambatanisha jedwali lililogawa majeraha kwa asilimia, lakini Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka 2016. Kwa hiyo kipimo kimebaki kile cha zamani: majeraha yanayolingana yapewe fidia zinazolingana, huku hakimu akizingatia kwamba hakuna majeraha mawili yaliyo sawa kabisa.

Utafutaji huo si siri ya mawakili. Hukumu za Kenya zimewekwa na Baraza la Kitaifa la Taarifa za Sheria katika tovuti ya Kenya Law, ambapo mtu yeyote anaweza kuandika aina ya jeraha na kusoma bila malipo. Shida ni namna ya kusoma. Wengi hukimbilia nambari kubwa wanayoiona kwanza na kuishikilia, ilhali yapo mambo ya kuangalia kabla ya nambari hiyo. Angalia mwaka wa hukumu, kwa sababu shilingi 300,000 za mwaka 2010 haziwezi kununua leo kile zilichonunua wakati ule, na mahakama huongeza kiasi kwa ajili ya mfumuko wa bei. Angalia majeraha yote, kwa kuwa hukumu inayotajwa kama ya mfupa wa paja huenda pia ilikuwa na mbavu tatu na fuvu lililopasuka. Angalia umri wa mdai na ulemavu uliobaki. Mwishowe, angalia kama hukumu hiyo ilikatiwa rufaa na ikapunguzwa.

Kwa makadirio ya jumla tu, hukumu za miaka ya karibuni huonyesha kwamba majeraha ya nyama na ngozi yasiyovunja mfupa, yakishapona bila kuacha ulemavu, mara nyingi hupewa chini ya shilingi 300,000. Mguu uliovunjika mifupa yote miwili chini ya goti huangukia zaidi kati ya laki tatu na milioni moja kulingana na ulivyopona. Nako kukatwa mguu au kupooza kwa sababu ya uti wa mgongo hufika mamilioni. Upana wa makadirio hayo unaonyesha jinsi ripoti ya daktari inavyoweza kumsukuma mtu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mapato ya mtu asiye na hati ya mshahara

Mtumishi wa serikali au mwajiriwa wa kampuni huleta hati za mshahara na barua ya mwajiri, na hesabu yake huwa nyepesi. Mama anayeuza samaki katika soko la Kongowea, Mombasa, kinyozi, fundi wa magari na mwendesha bodaboda ndio wanaotaabika, na ndio walio wengi katika kesi hizi. Habari njema kwao ni kwamba Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005 kuwa hati si njia pekee ya kuthibitisha kazi na mapato, kwa sababu kushikilia hati tupu kungewanyima haki Wakenya wengi wasiotunza kumbukumbu. Maneno hayo yana uzito, lakini yasimlaze mtu. Leta taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali, kitabu cha chama cha akiba, leseni ya kaunti, daftari la mauzo, au shahidi anayefanya kazi hiyo hiyo karibu nawe. Pasipo na chochote, mahakama nyingi huangukia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kwa kazi ya aina hiyo na eneo hilo, nacho kwa kawaida ni kidogo kuliko kile mtu alichokuwa akipata.

Tofautisha mapato yaliyopotea na uwezo wa kupata uliopungua. Mapato ya miezi uliyokaa nyumbani ni fidia mahsusi na hutajwa kwa kiasi chake. Uwezo uliopungua ni sehemu ya fidia ya jumla, na hutolewa hata kwa mtu ambaye bado anafanya kazi, iwapo jeraha limemweka katika hatari ya kukosa kazi au kupata kidogo sokoni. Wakati mwingine hakimu hukadiria kiasi kimoja cha jumla. Wakati mwingine huchukua mapato ya mwaka, akazidisha kwa miaka ya kazi aliyokadiria kubaki, akazidisha tena kwa asilimia ya ulemavu. Miaka hiyo huwa pungufu ya ile iliyobaki hadi kustaafu, kwa kuwa fedha hulipwa zote kwa pamoja na maisha yana misukosuko yake.

Sehemu yako ya lawama

Kiasi chote kikishajumlishwa, hupunguzwa kwa kadiri majeruhi mwenyewe alivyochangia ajali au jeraha. Mtembea kwa miguu aliyevuka ghafla, abiria aliyening'inia mlangoni, au aliyekubali kubebwa watu watatu juu ya pikipiki moja, anaweza kubebeshwa asilimia 10, 20 au hata nusu. Asilimia hiyo hukata mafungu yote mawili, pamoja na bili ya hospitali. Mara nyingi mawakili wa pande zote hukubaliana juu ya mgawanyo huu kabla ya kesi kusikizwa, na majeruhi hujulishwa baadaye. Usikubali iwe hivyo. Uliza mgawanyo huo umetoka wapi. Kutovaa kofia ngumu, kwa mfano, ni kosa, lakini kofia haikingi muundi, na aliyeumia mguu peke yake ana hoja nzuri ya kukataa kupunguziwa kwa sababu hiyo.

Hesabu moja kamili

Tuchukue mfano wa kubuni: fundi cherehani wa miaka 34 mjini Mombasa, abiria wa pili kwenye bodaboda iliyogongwa na pikapu, aliyevunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia chini ya goti na kuwekewa chuma. Daktari amesema ulemavu wa kudumu ni asilimia 10, kwa kuwa mguu huo ndio uliokanyaga pedali ya cherehani na sasa huvimba baada ya saa chache. Kwa maumivu na mateso, hukumu zinazolingana zinamfikisha shilingi 550,000. Risiti za hospitali ni 148,600 na ripoti ya daktari 5,000. Alitumia nauli ya 11,400, ila zilizo na ushahidi ni 6,400 tu, kwa hiyo 5,000 zimekwenda na maji. Fidia yake mahsusi hadi hapo ni 160,000. Amethibitisha mapato ya 18,000 kwa mwezi kwa miamala ya simu, na alikaa miezi 5 bila kazi, hivyo 90,000. Kutoa chuma kumekadiriwa 120,000. Kwa uwezo uliopungua, hakimu amechukua 216,000 kwa mwaka, mara miaka 16, mara asilimia 10, akapata 345,600. Jumla ni shilingi 1,265,600. Kwa kuwa alipanda pikipiki iliyobeba kupita kiasi, amebebeshwa asilimia 15, na kinachobaki ni shilingi 1,075,760, pamoja na gharama za kesi na riba, ambayo kwa kawaida huhesabiwa tangu kufunguliwa kwa kesi kwa fidia mahsusi, na tangu siku ya hukumu kwa fidia ya jumla.

Angalia kwamba taarifa ya miamala ya simu peke yake ndiyo iliyobeba zaidi ya laki nne za jumla hiyo, kabla ya asilimia 15 kukatwa.

Nani atalipa, na hadi wapi

Hukumu si fedha mkononi. Bima ya lazima ya magari hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe, na kama hana mali, hukumu hubaki karatasi. Kwa hiyo mwenye jeraha zito sana anapaswa kujua mapema mmiliki wa gari ni nani, ni mtu binafsi au ni kampuni yenye magari mengi. Kiasi kinachotarajiwa ndicho pia huamua mahakama ya kwenda: hakimu mkazi huishia shilingi milioni 5, na hakimu mkuu milioni 20. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inataja majeraha ya mwili na kikomo cha shilingi milioni 1, lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama mahakama hiyo inaweza kusikiza kesi hizi, hivyo wakili aulizwe kwanza.

Aliyeumia kazini hufuata njia nyingine akimdai mwajiri wake. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, dai hupelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 ukizingatia asilimia ya ulemavu. Mwenye mshahara wa 20,000 na ulemavu wa asilimia 10 hupata 192,000, bila kuulizwa nani alikosea. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliunga mkono utaratibu huo.

Bima inapoleta kiasi mezani

Kampuni za bima hupendelea kumaliza mapema, na kumaliza mapema si vibaya. Kesi huchukua miaka, na mashahidi huhama. Jambo la kutazama ni hati unayopewa utie sahihi. Hati ya kukubali malipo hufunga madai yote yanayotokana na ajali hiyo, hata yale ambayo bado hujayajua, na aliyetia sahihi kabla chuma hakijatolewa mguuni atakitoa kwa fedha zake. Kabla ya kusaini, andika katika karatasi moja mafungu yote yaliyotajwa hapo juu, weka nambari yako mbele ya kila fungu, kisha mwombe wakili aandike nambari ya bima kando yake. Tofauti itaonekana iko katika fungu gani, na hapo ndipo pa kuzungumzia.

Muulize wakili pia ni kiasi gani kitafika mikononi mwako. Sheria ya mawakili ya Kenya haitambui makubaliano ya kumlipa wakili kwa sharti la kushinda kesi tu, na ada zake huongozwa na kanuni rasmi za malipo ya mawakili. Dai taarifa ya maandishi inayoonyesha kiasi kilicholipwa na bima, tarehe kilipoingia katika akaunti ya wateja ya wakili, ada iliyokatwa na kilichobaki, na uikague kando ya ile bahasha ya kaki kabla ya kuweka kidole au sahihi popote.